Kontena Refu la Balbina

Asubuhi ile Balbina alikuwa anafagia uwanja. Alifagia upande mmoja tu, ule unaotazama kwa wifi yake. Fagio lilikwenda na kurudi pale pale mpaka vumbi likaisha. Macho yake yalikuwa kwingine.

Kwa wifi yake, Evelina, kulikuwa na makontena mawili. Ni yale makasha makubwa ya chuma yanayoletwa na meli na kubebwa na malori. Kampuni moja ya barabara ilimaliza kazi yake bondeni mwaka wa tisini na sita, ikayaacha. Fundi Osward, mchomeleaji aliyetoka Kidatu, aliyachukua akawa anayauza moja moja. Evelina na mumewe Hilari walinunua mawili mafupi. Hilari huyo ni kaka yake Balbina, tumbo moja.

Mwanzoni watu wa Ifakara walicheka. Walisema Hilari ameoa mke anayetaka kuishi bandarini. Kisha waliona madirisha yanakatwa kwenye chuma. Waliona paa la nyasi linapandishwa juu yake. Waliona mabua ya mpunga yanaingizwa ndani, yale yale ambayo kila mtu huyachoma moto baada ya kuvuna. Miezi miwili ikapita, uyoga ukatoka. Ulikuwa uyoga mweupe, mnene, wa kujaza beseni, na mvua ilikuwa haijanyesha hata tone. Kicheko kikakatika.

Siku hiyo wivu ulimwingia Balbina, ukavua viatu na kukaa.

Na tusimwonee, alikuwa na sababu yake. Tangu utotoni, kule walikotoka upande wa Mahenge, Balbina ndiye aliyejua kila kichuguu kinachotoa uyoga. Mvua za kwanza zikinyesha, watoto wenzake walimfuata yeye. Evelina alikuwa nyuma kabisa, hajui uyoga wa kula wala usioliwa. Leo watu walimwita Evelina Mama Uyoga. Jina hilo lilimchoma Balbina hata chakula hakikumshuka vizuri.

Siku moja kwenye bomba la maji, wanawake walikuwa wanamsifu Evelina. Balbina alitua ndoo yake.

"Mimi sisemi kitu," alisema. "Lakini jiulizeni. Makasha yale yalibeba nini huko yalikotoka? Yasije yakawa yalibeba sumu."

Basi, hakuwa na haja ya kusema zaidi. Maneno yalitembea yenyewe. Kufika Jumapili, mama ntilie wa stesheni ya treni walikuwa wameacha kununua uyoga. Evelina alirudi nyumbani na beseni limejaa kama lilivyotoka. Balbina alimwona akipita, na moyo wake ulifurahi. Jioni Evelina alimletea bakuli la uyoga, kama alivyozoea kumletea kila wiki. Balbina alishukuru kwa mdomo, kisha akawamwagia bata.

Furaha yake ilidumu siku mbili tu. Evelina hakutupa uyoga wake. Aliupeleka kwenye kontena la pili, akautandaza kwenye chekeche za wavu zilizopangwa kama vitanda vya ghorofa. Ulipokauka aliufunga kwenye mifuko midogo, akautuma Mlimba kwa treni. Huko uvumi ulikuwa haujafika. Balbina aliposikia hayo, usingizi ulimruka.

Nyumbani kwa Balbina kulikuwa na mabati ishirini. Yaliegemezwa ukutani chumbani, mapya kabisa. Mumewe, Venance, aliyanunua kidogo kidogo kwa mavuno ya miaka mitatu. Nyumba yao ilikuwa ya nyasi, na ilivuja. Masika yaliyopita walilala wamekaa, watoto wamefunikwa turubai. Venance alikuwa ameapa kwamba masika yajayo watalala pakavu.

Venance alikwenda Mofu kuvua samaki na mjomba wake, akakaa wiki mbili. Huku nyuma Balbina alimwita Osward.

"Nataka kontena," alimwambia. "Nataka refu kuliko ya wifi yangu. Na usimwambie mtu."

Osward alikuna kichwa. Alisema limebaki moja, refu, futi arobaini. Alitaka kuongeza neno, lakini Balbina alikuwa ameshaanza kuyatoa mabati nje. Alitoa yote ishirini kuwa malipo. Siku ya tatu lori lilileta kontena, likalishusha katikati ya uwanja, kwenye jua kali, moja kwa moja juu ya udongo mweusi.

Kumwuliza Evelina namna ya kupanda? Afadhali afe. Balbina alijua uyoga unatoka wapi. Unatoka kwenye kichuguu, kila mtoto wa Kipogoro anajua hilo. Alimkodi Nkwabi, mfugaji wa Kisukuma mwenye mkokoteni wa ng'ombe, amletee udongo wa kichuguu safari nne. Nkwabi alipomuuliza kama anajenga tanuri, alimjibu kwamba kazi yake ni kubeba, si kuuliza. Akatandaza mabua sakafuni, juu yake udongo, akamwagia maji. Kisha alifunga milango kwa komeo. Uyoga unapenda giza na unyevu, aliwaza, na humu vyote vimo.

Asubuhi ya pili alichungulia. Mchwa waliokuja na udongo walikuwa wamekufa wote, wametapakaa sakafuni. Balbina alifurahi. Alisema afadhali, wangemlia mabua yake.

Venance aliporudi, alisimama uwanjani na mtungo wa samaki mkononi. Alilitazama kontena. Aliingia chumbani, akatoka.

"Mabati yangu yako wapi, Mama Gladness?"

"Yamo humo," alijibu Balbina, akionyesha kontena. "Yatatoka yakiwa mengi kuliko yalivyoingia."

Venance hakugomba. Aliangalia paa la nyasi, akaangalia mawingu yaliyokuwa yanakusanyika upande wa milimani, akaenda kupara samaki. 

Wiki tatu zikapita. Ndani ya kontena kulikuwa na joto la kupika ugali. Harufu mbaya ilimpiga mtu usoni. Ukungu wa kijani ulitambaa juu ya mabua. Lakini pembeni, karibu na mlango, uyoga ulikuwa umeota. Ulikuwa mwembamba, wa rangi ya kijivu, na Balbina hakuukumbuka jina. Angeuona porini angeuruka. Ila huu ulikuwa wake, na wivu ukimkaa mtu machoni haoni tena. Aliuchuma wote, ukajaza nusu ya ungo. Alipanga kuupika mchana ule ule, watoto na baba yao wale washibe.

Njia ya kwenda jikoni kwake haikupita kwa Evelina. Alipita kwa Evelina. Hayo majivuno yake ndiyo yaliyowaokoa.

"Wifi, shikamoo," Evelina alisema, maana Balbina alimzidi umri.

"Marahaba. Nimeona nikuonyeshe. Hata sisi tunajua kupanda."

Evelina alichukua mmoja, akaunusa, akaugeuza. Uso wake ulibadilika.

"Wifi, usiupike huu."

Balbina alicheka. "Kumbe na wewe unao wivu."

"Uite utakavyo. Mbegu ulitoa wapi?"

"Kichuguuni. Wewe ulitoa mbinguni?"

"Mbegu yangu inatoka Morogoro, imo kwenye chupa, na ni ya aina moja inayojulikana. Udongo wa kichuguu una kila kitu, wa kula na wa kuua. Wewe mwenyewe ulinifundisha tukiwa wadogo kwamba usioujua hauliwi." Aliurudisha kwenye ungo. "Na kontena lako, wifi, lilibeba nini?"

Swali hilo Balbina alilijua. Alilitunga mwenyewe, bombani, kwa ajili ya mtu mwingine. Sasa lilikuwa limemrudia. Aligeuka na ungo wake, akaelekea kwenye kontena lake, na Evelina akamfuata.

Walimwita Osward. Alikuja na baiskeli, akafungua milango, akasimama nje. Hakutaka kuingia.

"Lilikuwa stoo ya dawa za kuulia magugu na wadudu," alisema. "Mapipa yalivuja humu miaka mingi, mbao za sakafu zimezinywa. Wifi yako aliuliza, nikamwambia, akalikataa. Wewe hukuuliza, mama. Ulisema tu unataka refu kuliko ya wifi yako. Lakini nilipaswa kukwambia hata usipouliza. Hilo ni kosa langu."

Aliwaonyesha mchwa waliokufa. "Udongo wa kichuguu, na hakuna mchwa hata mmoja aliye hai. Hiyo pekee ingetosha kukushtua."

Balbina alikaa chini, pale pale kwenye vumbi. Aliwafikiria watoto wake. Aliuona ungo ule katikati yao, na mikono midogo ikichovya. Alilia. Evelina alikaa karibu naye, akauchukua ungo polepole. Uyoga wote walikwenda kuufukia mbali na bomba na mbali na bata.

"Mimi ndiye niliyesema makontena yako yana sumu," alisema Balbina.

"Najua," alijibu Evelina. "Niliambiwa siku ile ile."

"Na bado uliniletea bakuli?"

"Wewe ni wifi yangu. Nilikasirika, lakini bakuli ni la watoto wa nyumba hii."

Kesho yake Evelina alimpeleka Balbina ndani ya makontena yake. Kwa mara ya kwanza Balbina alitazama ili ajue, si ili aumie. Evelina alieleza jinsi bibi shamba alivyomfundisha. Kwanza, uliza kontena lilibeba nini, na kama lilibeba sumu au haijulikani, liache. Ya kwake yalibeba vyombo vya jikoni. Hata hivyo waling'oa mbao za sakafu, maana nazo hupakwa dawa kiwandani, wakamwaga zege. Waliyainua juu ya matofali, kwa sababu udongo mweusi wa bondeni hujaa maji masika. Walikata madirisha na kuyawekea wavu, hewa ipite na inzi wasipite. Paa la nyasi lilikaa juu ya chuma, na nafasi katikati, ili jua lisikioke kilichomo.

"Na mabua?" aliuliza Balbina.

"Tunayakatakata, tunayaloweka, tunayachemsha ndani ya pipa saa mbili nzima. Ule ukungu wako wa kijani ulikuja na mabua mabichi. Yakipoa na maji yakichuruzika, tunayaweka kwenye mifuko ya plastiki pamoja na mbegu. Mifuko inaning'inia gizani mpaka iwe myeupe yote. Ndipo tunaichana, tunafungua madirisha, tunanyunyiza maji asubuhi na jioni."

Balbina alishika mfuko mmoja. Akatikisa kichwa. Kisha aliingia kwenye kontena la pili, la kukaushia, akaokota uyoga mmoja kwenye chekeche.

"Huu umeulaza vibaya," alisema. "Mnene lazima uchanwe kwanza, la sivyo katikati unabaki na maji na utaoza mfukoni. Bibi yangu alinifundisha."

Evelina alimtazama. Mifuko mitatu ilikuwa imerudishwa kutoka Mlimba kwa kuoza, na alikuwa hajajua sababu.

"Basi hiki chumba ni chako," alisema. "Mimi nipande, wewe ukaushe."

Osward alilichukua tena lile kontena refu. Mbao za sakafu, mabua na udongo wa ndani vilifukiwa kwenye shimo refu mbali na maji. Bibi shamba aliwakataza kabisa kuvichoma, kwa sababu ya moshi wake. Kwa kuwa naye alijiona na kosa, fundi alirudisha mabati kumi na mbili. Manane alikuwa ameshayauza. Venance aliezeka chumba kimoja, kile cha watoto. Siku hiyo alimwita mkewe amshikie ngazi.

Kilibaki kitu kimoja, na ndicho kilichokuwa kigumu. Alhamisi jumuiya ya kanisa ilikutana nyumbani kwa Hilari. Rozari ilipokwisha, Evelina alitoa ugali na sufuria la uyoga wa nazi. Watu walianza kuangalia saa ambazo hawakuvaa. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Balbina alisimama. 

"Maneno ya sumu niliyaanzisha mimi," alisema. "Sikuwa na ushahidi. Nilikuwa na wivu. Kontena lililokuwa na sumu ni langu, na Evelina ndiye aliyezuia nisiwalishe wanangu." Kisha aliketi, akamega ugali, akachovya, akala wa kwanza mbele ya wote. Gladness, binti yake, alikuwa wa pili. Sufuria lile lilirudi jikoni tupu.

Masika yalinyesha kweli mwaka ule. Chumba cha watu wazima kilivuja kama kawaida, na Balbina na Venance walihamia kwa watoto, wakabanana wote kwenye kavu. Mavuno yaliyofuata waliezeka kilichobaki. Mabati yale yalitokana na uyoga mkavu.

Je, wivu uliisha? Haukuisha wote. Kuna siku mtu akisema Mama Uyoga, kitu bado kinamchoma Balbina kifuani. Mwezi uliopita alishuka mama mmoja kwenye treni ya kutoka Mlimba. Alikuwa amesikia habari, naye ana kontena nyumbani. Alimkuta Balbina anafagia uwanja, akamuuliza kama yeye ndiye Mama Uyoga.

Balbina aliegemea fagio. Neno "ndiye mimi" lilifika mpaka kwenye ulimi.

"Ni wifi yangu, nyumba ile pale," alisema. "Mimi ndiye ninayekausha. Lakini kabla sijakupeleka, dada, niambie kwanza. Kontena lako lilibeba nini?"