Punguzo la Gari Jekundu

Wenzangu tunaotafuta riziki hapa Juba, nisikilizeni. Nimekaa na jambo hili moyoni tangu mvua za mwaka jana. Mimi ni Douglas, fundi wa magari pale Sherikat. Sitalisimulia kwa upole, na atakayejiona ndani yake ajione.

Nyumba ninayoisema iko Malakia. Jumamosi asubuhi ungepita pale ungesikia redio, ungenusa chapati, na ungemkuta Linus, Mkenya mwenzangu, akimsuka nywele binti yake Angella, mtoto wa miaka sita, huku mkewe Magdaline akipiga pasi sare yake. Linus alikuwa afisa wa ununuzi katika shirika moja la misaada. Magdaline alikuwa mkunga katika kliniki ya akina mama ya shirika hilohilo, kule Mangateen, karibu na kambi ya watu waliokimbia vita. Nilikuwa nikienda pale kutengeneza kigari chao cha zamani, na siku zote niliondoka nimeshiba. Kusema kweli, niliionea wivu nyumba ile.

Kisha wenzake Linus wakaanza kumcheka kwa sababu ya kigari kile. Wiki haikuisha, akaliona gari la spoti kwenye yadi ya Abdifatah, Msomali wa kwetu Kenya anayeuza magari. Lilikuwa jekundu, la viti viwili vya ngozi nyeupe, tumbo lake karibu liguse ardhi. Niambieni nyinyi wenye akili, gari kama hilo mtu analipeleka wapi katika mitaa yetu hii? Lakini Linus alikuwa ameshapenda. Akanichukua nikalikague.

"Elfu ishirini na nne, dola," alisema Abdifatah. "Hii haijatumika, fundi. Ni ya kuonyesha wateja tu."

Nililizunguka, nikalala chini yake, nikaliendesha hadi darajani na kurudi. Lilikuwa limetembea kilomita elfu mbili na mia tatu. Tairi za mbele zilikuwa zimelika upande mmoja, bampa limekwaruzwa chini, na miezi saba ya waranti ilikuwa imekwisha kabla hata halijapata mwenyewe.

"Si mpya, na haijazeeka," nikawaambia wote wawili. "Toa tairi mbili, toa bampa, toa hiyo miezi saba. Elfu ishirini na moja na nusu. Hapo hakuna mtu ameonewa."

Abdifatah alibonyeza hesabu kwenye simu, akacheka, akanipa mkono. "Umenikata, fundi, lakini hujaniumiza. Sawa."

Ikumbukeni bei hiyo. Ilikuwa bei ya haki, kila dola iliyoshuka ilikuwa na sababu yake pale kwenye gari, na unaweza kuigusa kwa kidole. Tungekunywa chai, tukaagana, na leo nisingekuwa na hadithi. Lakini Linus akaniambia nikaangalie injini mara nyingine. Nikainama chini ya boneti. Boneti haizibi masikio.

"Abdi," nilimsikia akisema, "zabuni ya ambulensi ya Mangateen iko mezani kwangu. Na bei yako ndiyo ya juu."

"Iko juu kwa sababu yangu inavuta magurudumu yote manne, ndugu yangu. Si ndivyo mliandika?"

"Nifanyie hii nyekundu elfu kumi na nne. Ambulensi utaleta wewe."

Abdifatah akaacha kucheka. "Wallahi, Linus, hiyo si kupunguza. Hiyo ni kitu ingine. Hasara yangu nitairudisha wapi?"

"Irudishe kwa ambulensi. Nani atalala chini aangalie? Anayepokea na kusaini ni mimi."

Mwenye yadi angeweza kumfukuza. Alitazama chini, akasema sawa. Na mimi je? Nilifunga boneti, nikapokea dola hamsini zangu za ukaguzi, nikanyamaza. Mkitaka kunitemea mate, nitawaelewa.

Hata kabla hatujaondoka, Linus alidai kitu kimoja zaidi. Nailoni ya kufunika viti ilikuwa imeshatolewa, naye akasema gari bila nailoni si gari la maana. Abdifatah akaenda stoo akamletea nyingine. Linus akaikunja vizuri, akaiweka nyuma, akatoka pale akipiga mluzi.

Nyumba ya Malakia haikuwa ileile tena. Kigari cha zamani kiliuzwa. Gari jipya halikuwa na nafasi ya watu watatu, na Linus hakukubali kulipeleka kwenye tope, kwa hiyo Magdaline akawa anaenda kazini kwa bodaboda, amejifunika mfuko wa plastiki mvua ikinyesha. Jumamosi Angella alikaa na nywele zake timtim huku baba yake akiosha gari. Siku moja mtoto aliligusa na mkono wenye mafuta ya chapati. Nilikuwepo. Alizabwa kofi.

"Baba Angella, hela za gari hili ulitoa wapi?" Magdaline alimuuliza mbele yangu.

"Nilipunguziwa. Mimi najua kuongea na watu."

Magdaline alinigeukia kama anayetaka nithibitishe. Nikajifanya natafuta spana.

Ambulensi nayo ilifika kliniki, nyeupe, imepakwa rangi mpya, ving'ora vinalia vizuri. Watu wakapiga makofi. Kiangazi kilichobaki ilitembea bila shida, kwa kuwa ardhi kavu haiumbui mtu.

Kisha ikaja Jumamosi moja ya mwezi wa saba. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Saa nne asubuhi Magdaline alinipigia simu, ambulensi imezama kwenye tope mlangoni mwa kliniki na ndani yake kuna mama anayetoka damu. Nilipofika, magurudumu ya mbele yalikuwa yanazunguka bure, ya nyuma yametulia tuli. Nikalala kwenye tope, nikatazama chini. Hakukuwa na shafti ya kupeleka nguvu nyuma. Ilikuwa ambulensi ya kuvuta magurudumu mawili tu, na mimi nilijua tangu siku ile nimeinama chini ya boneti.

"Fundi, itatoka?" Magdaline aliuliza. Glavu zake zilikuwa nyekundu hadi vifundoni.

"Haitatoka, Sista."

Yule mama aliitwa Nyibol, wa kambini, mimba yake ya kwanza. Hakuwa akilia tena, na hilo ndilo lililomtisha Magdaline. Linus naye alikuwa amefika, maana mkewe alikuwa amempigia pia, na alikuwa amesimamisha gari lake jekundu pale lami inapoishia, hatua kama mia moja kutoka kliniki. Wanawake wa kambi walimbeba Nyibol juu ya godoro, tope likiwafika magotini, wakihimizana kwa kelele kwamba damu ni nyingi mno, "Yala! Yala! Sista, damu iko katir!"

Walipofika kwenye gari, Linus aliinua mkono.

"Ngojeni," akasema. "Ngojeni kidogo."

Akafungua nyuma, akatoa ile nailoni. Akaanza kuitandika kwenye kiti cheupe. Akaichomeka pembe hii, ikachomoka pembe ile. Akarudia. Wanawake sita wamesimama kwenye mvua, mikono inawatetemeka kwa uzito, na mwanamume mzima anapiga magoti akinyoosha nailoni isifanye mikunjo! Nimeona mengi katika mji huu, lakini sijaona kitu kichafu kama usafi ule.

"Baba Angella, unafanya nini?"

"Ni ngozi nyeupe, Magda. Dakika moja tu."

Magdaline hakupiga kelele. Alimsogeza kwa bega, akaishika nailoni, akaing'oa, akaitupa kwenye tope. Wakamlaza Nyibol kwenye kiti. Kwa kuwa kiti kilikuwa hicho kimoja tu, mkunga akajikunja chini, kati ya miguu ya mgonjwa na dashibodi. Gari likaondoka kwenda hospitali. Magdaline aliniambia baadaye kwamba njiani mumewe alipunguza mwendo kwenye kila tuta, tumbo la gari lisikwaruzwe.

Nyibol alipona. Mtoto wake, wa kiume, hakupona. Daktari hakumlaumu mtu, alisema tu kwamba walichelewa.

Jumatatu Magdaline alikuja gereji kwangu. "Fundi, wewe ulijua?"

"Nilijua."

Alinipa karatasi na kalamu. Nikaandika yote, na bei zote mbili, naye akaipeleka karatasi kwa wakubwa wa shirika. Linus alifukuzwa kazi wiki ile. Abdifatah alilazimishwa kuichukua ambulensi yake na kurudisha fedha, na shirika halikununua tena kwake. Magdaline alimchukua Angella, wakahamia nyumba za watumishi kule kliniki. Sikuwahi kusikia akimtukana mumewe. Aliniambia tu kwamba kila akifumba macho anaiona ile nailoni.

Linus alibaki na gari, na njaa ikamfanya aliuze. Mteja wake alikuwa Madut, mwalimu mstaafu aliyetaka kumnunulia mwanawe zawadi ya harusi. Nani aliitwa kulikagua? Mimi tena.

Linus alitaka elfu kumi na mbili. Madut alikaa ndani, akapapasa usukani, kisha akaona doa la kahawia kwenye kiti cha pembeni, limeingia ndani ya mshono.

"Hii kwa kiti ni nini? Juisi?"

Linus akatazama pembeni. Mara hii sikunyamaza.

"Ni damu ya mama aliyepoteza mtoto, mzee," nikasema. "Huyu alimchelewesha akitandika nailoni."

Madut alitoa mkono wake pale kwenye kiti, akautazama, akaufuta kwenye suruali. Akashuka.

"Kalas, basi," alisema. "Mimi hapana nunua."

"Mzee, napunguza!" Linus alimfuata. "Elfu kumi! Mzee, nane! Elfu sita, mzee, twende mezani tuongee!"

Madut hakugeuka. Linus alifika hadi elfu tatu, akiwa amesimama barabarani peke yake.

FUNZO

Hakuna ubaya kuomba kupunguziwa. Gari lililotumika kidogo lina haki ya kushuka bei, kwa hiyo hesabu kilomita, angalia tairi, uliza waranti, kisha mpatane bei mkicheka kama watu wanaoheshimiana. Lakini ukiona bei imeshuka na kwenye gari huoni sababu, jua kuna mtu mahali fulani anailipia, na huenda ni mama asiyekujua hata jina. Ukishika kalamu ya umma, kalamu hiyo si ya kununulia starehe yako.

Na wewe uliyeinama chini ya boneti ukasikia, sema siku hiyohiyo. Mimi nilisema miezi mitano baadaye, na mtoto wa Nyibol alikuwa ameshazikwa.