Kibao Chini ya Mkomamanga

Jua lilikuwa linazama nilipotoka kwenda bustanini kukagua kamera. Kazi ya dakika tano. Aliyeniletea kamera hiyo ni Hussam, mkwe wangu. Hufungwa mtini, ikapiga picha yenyewe kila mnyama anapopita. Kwa mwezi mmoja, nyuma ya nyumba yetu hapa Chundwa, nilikuwa nimeandika daftarini fungo wawili, kanu mmoja na nguchiro sita. Mwalimu mimi, napenda kila kitu kiwe na jina lake. Miti yangu yote ina vibao. Majirani humwonya mke wangu, Mwanamkisi, asisimame sana mahali pamoja, atapigiliwa chake.

Siku tano kabla, binti yetu Lubna alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Bi Esha, mkunga, alizika kondo la nyuma chini ya mkomamanga. Nilichelea fungo wasije wakafukua, nikaielekeza kamera hapo. Kisha nikachomeka kibao ardhini. Jina tulikuwa tumeshakubaliana, ila nyumbani kwetu halitamkwi kabla ya siku ya saba.

Sikulitamka. Niliandika tu: Jamaludin.

Picha ya kwanza ilikuwa ya jana, saa kumi na mbili na nusu jioni. Fungo, amesimamisha manyoya, anatazama ukutani.

Ya pili haikuwa ya mnyama.

Mwanamke wa buibui alikuwa amechuchumaa chini ya mkomamanga, mgongo kwa kamera. Kidole chake kilikuwa juu ya kibao, kwenye herufi ya kwanza. Picha iliyofuata, kwenye ya pili. Kisha ya tatu...

Nilihesabu. Picha tisa. Herufi tisa.

Ukuta wetu ni mrefu. Mlango wa bustani una ufunguo mmoja, nao ulikuwa mfukoni mwangu.

Niliinua macho. Kibao hakikuwapo.

Ndipo nikasikia harufu ya buhuri na damu. Harufu ya chumba cha mzazi, huku nje.

"Ja... ma... ludin..."

Ilitoka nyuma ya ukuta, polepole, kama mtu anayejifunza kusoma.

Ndani, mtoto aliyekuwa akilia akanyamaza.

Usiku ule hakunyonya, wala kesho yake. Lubna alimshika miguu akasema inapoa. Bi Esha alipofika nilimweleza yote, nikasema nilidhani kuandika si kutamka.

"Umelisimamisha nje peke yake, Mwalimu," alininong'oneza. "Sasa lina mwenyewe. Mpeni mwana jina jingine."

Alfajiri ya siku ya saba nilimsomea sikioni jina la Bakr. Adhuhuri akanyonya.

Nilimwonyesha Bi Esha zile picha. Aliutazama ule mgongo, akataka nizifute. Nilimwuliza mwanamke yule anaitwa nani.

"Wewe na majina," alisema. Akajitanda, akaondoka.

Bakr sasa ana miezi minne na afya yake. Kamera nimeifungua mtini; fungo hawaji tena. Sauti ndiyo huja, kila Maghribi, nyuma ya ukuta, na siku hizi inaliita jina lile bila kusita. Sisi hatuitiki. Mwanamkisi humfunika mtoto masikio hadi ikome.

Juzi iliita mara moja tu, ikanyamaza.

Chini ya mkomamanga, kitu kidogo kikajibu.

"Naam."