Hodi Kwenye Ufa wa Jabali

Siku ile ilianza vizuri, na hilo ndilo linalomuuma Kasuku mpaka leo. Ziwa lilikuwa limetulia, jua halijaanza kuchoma, na abiria walikwisha kupanga foleni gatini na watoto wao, ambao walikuwa wakidai maji ya kunywa hata kabla ya safari kuanza. Kasuku alivaa shati lake jeupe la kazi, akakipuliza kipaza sauti kuona kama kinafanya kazi, akaanza kuwapandisha watu kwenye boti na kuwagawia majaketi ya kuokolea maisha.

Jina la Kasuku alipewa na nahodha, kwa sababu maneno yake yalikuwa yale yale kila safari. Boti ikifika kwenye majabali ya rangi, yaliyosimama wima kutoka majini, huku mekundu, kule ya njano, na michirizi ya kijani na buluu ikishuka mpaka chini, Kasuku alieleza kwamba maji yenye madini huchuruzika kutoka juu na kuacha rangi. Hiyo ilikuwa kweli, na iliwapigisha watu miayo. Basi akaongeza ya kwake. Alidai kulikuwa na mchawi mwanamke aliyeyapaka majabali haya kwa viganja vyake, na tangu hapo mikono yake haikutakata. Ukimwona mtu ana buluu kwenye mistari ya viganja na wekundu chini ya kucha, usimpe mkono. Hapo abiria wote waliamka.

Mikono hiyo hakuitoa mbali. Ilikuwa ya shangazi yake.

Shangazi ndiye aliyemlea wazazi wake walipofariki. Kazi yake ilikuwa kutia vitambaa rangi. Alishinda uani ameinamia mabeseni, na kwa mikono ile ile alimlisha Kasuku, akamvisha, akamsomesha. Asubuhi, mtoto akitoka kwenda shule, shangazi alimwekea kiganja katikati ya mgongo na kumwambia, "Simama wima, mwanangu." Kasuku alizoea kuruka kando asije akachafuliwa sare, ingawa rangi ile ilikuwa imekauka siku nyingi na haikuwahi kumchafua mtu yeyote. Shangazi alikuwa anacheka tu.

Sasa siku ile, wa mwisho kwenye foleni alikuwa nani? Shangazi. Kavaa gauni lake la kutokea, mkoba kwapani, uso unang'aa kama wa mtoto aliyenunuliwa viatu. Alikuwa ameuliza mara nyingi lini atapelekwa kuyaona hayo majabali, na kila mara Kasuku alimjibu wiki ijayo.

"Nimeona nisikusumbue," alisema kwa sauti ya chini. "Nimekuja tu kama abiria wengine."

Akanyoosha mkono kumgusa mgongoni, kama zamani. Kasuku akajisogeza.

"Kakae kule nyuma," alinong'ona. "Niko kazini, shangazi."

Nahodha aligeuka kwenye usukani. "Mnafahamiana?"

"Abiria tu," Kasuku akajibu.

Shangazi alikuwa hajafika mbali. Aliendelea kutembea bila kugeuka, akakaa kiti cha nyuma peke yake, akavaa jaketi na kulifunga vizuri kifuani.

Walipofika kwenye majabali, Kasuku alikusudia kuiruka hadithi ya mchawi. Nia hiyo alikuwa nayo, tumpe haki yake. Lakini mzee mmoja aliyewahi kupanda boti ile akadakia, "Dada, tupe ile ya mchawi bwana, nimewaleta wajukuu waisikie." Akaitoa. Aliitoa haraka haraka, macho yake juu ya maji, na alipofika kwenye buluu ya viganja ulimi ulimwia mzito.

"Babu," mjukuu mmoja akasema, "mwone bibi yule mikono yake."

Boti nzima iligeuka nyuma. Shangazi alikuwa ameipakata mikono yake, buluu kwenye mistari, wekundu chini ya kucha.

Sentensi moja ingetosha: huyu ni shangazi yangu, ndiye aliyenilea. Kasuku aliihisi imemfika kooni. Kisha akayaona yale macho yote, miwani yote ya jua, akasikia uso ukiwaka moto, na kipaza sauti kikatoa maneno mengine kabisa.

"Jamani, kumbe mchawi mwenyewe tumempakia!"

Watu waliangua kicheko. Shangazi naye akacheka kidogo, maana hakutaka kumharibia mwanawe kazi. Halafu akaichomeka mikono yote miwili chini ya mkoba, na haikuonekana tena.

Kilichobaki kilikuwa hodi. Katikati ya majabali kuna ufa mrefu, mweusi, wenye umbo la mlango uliosahauliwa wazi. Kawaida nahodha huzima injini hapo, Kasuku hupiga hodi, na mwangwi humrudishia: odi, odi, odi. Watoto hufurahi mno. Kila siku hodi, na hakuna aliyewahi kujiuliza ikiitikiwa itakuwaje.

Injini ikazimwa.

"Hodi!" Kasuku akaita.

Mwangwi haukurudi. Maji yaligonga ubavu wa boti. Hata ndege walikuwa wamenyamaza.

"Hodi," akarudia, sauti imepungua.

"Karibu."

Ilitoka ndani ya ufa. Sauti ya mwanamke, ya kawaida tu, sauti ya mtu aliye jikoni anayekausha mikono aje kukufungulia. Abiria walipiga makofi. Waliona ni mchezo uliopangwa. Nahodha hakupiga makofi. Alikuwa amemtumbulia macho Kasuku, na mkono wake ulikuwa unapapasa swichi ya injini.

"Umekuja na nani?" ile sauti ikauliza.

Kule nyuma shangazi aliinua uso. Alimtazama Kasuku moja kwa moja, na hakuonekana kuwa na hofu. Alikuwa anasubiri. Alisubiri jibu kama mgeni anayengoja mwenyeji wake amtambulishe.

Kasuku aliwageukia abiria. Walikuwa wamemkazia macho, wanatabasamu, wanangoja kichekesho kingine.

"Peke yangu," akasema.

Ufa ukaitika.

"Haya."

Injini ikawaka na boti ikageuka. Kasuku hakuthubutu kutazama nyuma mpaka walipofika gatini na watu wakaanza kushuka. Alisimama mlangoni akipokea majaketi, akitafuta maneno ya kumwomba shangazi radhi. Alishuka yule mzee na wajukuu wake. Wakashuka wengine wote. Boti ikabaki tupu.

Kwenye kiti cha nyuma palikuwa na jaketi. Vifungo vyake vilikuwa vimefungwa.

"Shangazi yuko wapi?" Kasuku akauliza.

"Shangazi gani?" nahodha akasema.

"Yule mama aliyekaa hapa. Mwenye mikono ya rangi."

"Kiti hicho kilikuwa kitupu tangu tunaondoka." Alimwangalia kwa huruma. "Kasuku, nenda nyumbani ukapumzike."

Alimkimbilia yule mzee, akamshika mkono. Mzee aliikumbuka hadithi ya mchawi na aliikumbuka hodi, akaisifu sana. Bibi wa nyuma hakumkumbuka. Mjukuu wake naye alitikisa kichwa.

Kasuku hakwenda kwake. Alikwenda mbio mpaka kwenye uchochoro alikokulia. Nje ya nyumba ya shangazi alikaa fundi viatu, kama siku zote, na siku zote yeye na shangazi hutaniana kutwa nzima.

"Shangazi amerudi?"

"Nyumba hii haina mtu, dada," fundi akasema. "Mimi nilihamia hapa nikaikuta hivi hivi."

Alikuwa anang'arisha kiatu kwa kipande cha kitambaa, buluu yenye maua mekundu. Kasuku akamwuliza amekipata wapi. Fundi akakigeuza, akakiangalia kwa muda, na hakujua.

Mlango ulikuwa umefungwa. Ule ule mlango, na kovu la shoka pale kwenye kitasa. Kasuku alisimama mbele yake. Alikuwa hajawahi kupiga hodi kwenye nyumba ile maishani mwake. Mtoto wa nyumba hapigi hodi.

"Hodi," akasema.

Kutoka ndani, mbali sana, mbali kuliko nyumba ile ya vyumba viwili inavyoweza kwenda, sauti yake mwenyewe ikamrudia.

Odi. Odi. Odi.

Alilia hapo hapo mlangoni, na hakulia kwa woga. Alilia kwa aibu.

"Pole, dada," fundi akanong'ona nyuma yake. "Lakini nani kakushika mgongoni?"

Alilivua shati alipofika kwake. Katikati ya mgongo palikuwa na kiganja cha buluu, vidole vyote vitano vimetanuka, na mistari ya kiganja inasomeka. Alilifua, rangi haikutoka. Alivaa shati jipya, na kabla hajafika gatini kiganja kilikuwa pale pale. Kwa muda alikifunika kwa koti, akajisingizia mafua huku jua linawaka.

Siku hizi koti ameliacha. Hadithi ya mchawi haisimulii tena, hata aombwe vipi. Boti ikifika kwenye ufa anamwomba nahodha azime injini, anaweka kipaza sauti chini na kusema kwa sauti yake mwenyewe, "Hodi. Nimekuja na shangazi yangu." Kisha anangoja. Hajajibiwa, na mwangwi wenyewe haujarudi tangu siku ile.

Wakati wa kurudi, abiria huuliza ule mkono mgongoni mwake ni wa nani.

"Wa shangazi yangu," huwajibu, amesimama wima. "Ndiye aliyenilea."

Na wapo waliowahi kuugusa. Wanasema rangi bado ni mbichi.