Koo Halina Spea

Asubuhi kwetu haihitaji saa. Kabla jua halijatoka vizuri, binti yangu mkubwa, ambaye mtaa mzima unamwita Chiriku, huwa ameshajifungia bafuni anapandisha na kushusha sauti: aa-aa-aa-aa-aa. Baba yake, fundi wa magari, husimama mlangoni na taulo begani na mswaki mkononi, kama mtu anayengoja basi lililokwisha kupita.

"Chiriku, toka! Kazini wananingoja."

"Kidogo tu baba! Humu sauti inasikika vizuri."

"Kwani walimu wa chuo watakuja kukusikiliza bafuni?"

Mdogo wake yuko darasa la sita. Tunamwita Kiranja kwa jinsi anavyopenda kusimamia mambo ya watu. Yeye hucheka mpaka chai inampalia. Na mimi niko kwenye cherehani nashona sare za wanafunzi, kichwa kinaniuma hata sijatia uzi kwenye sindano.

Lakini nisiwadanganye, wanangu mnaosoma. Mtoto yule anaimba. Alipomaliza sekondari alituambia hataki kusomea kitu kingine chuo kikuu ila kuimba. Mimi niliyeishia darasa la saba nilidhani ananitania. Huyu akisomea kuimba, mwenzake atasomea kupiga miayo? Ndipo mwalimu wake wa kuimba, mama mmoja mpole mwenye miwani, akaja nyumbani kunieleza. Shahada hiyo ipo, tena ina masharti. Lazima asimame mbele ya walimu wa chuo aimbe nyimbo mbili, kisha apewe karatasi ya noti za muziki ambayo hajapata kuiona, aiimbe hapo hapo. Siku ya usaili ilikuwa imeshapangwa. Akishindwa, angoje mwaka mzima.

"Nyimbo ataziweza," mwalimu alisema. "Noti ndizo anazozikimbia. Kila mara anangoja niimbe mimi kwanza, naye ana sikio jepesi, anaiga. Na jambo jingine, mama, nisaidie kuitunza sauti yake. Asipige kelele."

Asipige kelele! Afadhali ungenituma nikamwambie samaki asilowe.

Basi nikaanza kazi ya kuchunga koo la mtu. "Chiriku, usiwaite watu kutoka dirishani." Anaitika "ndiyo mama," kisha anaita. "Chiriku, maji umekunywa?" Glasi imejaa vilevile, nzi kaingia. Majirani nao kila mmoja akawa daktari. Huyu kaleta tangawizi, yule kasema ameze yai bichi, wa tatu kaapa kwamba ndimu na pilipili hazijawahi kushindwa. Nikasema, nikafoka, nikarudia. Kwetu ukitaka kusikika lazima ushindane na cherehani.

Zilipobaki wiki mbili na siku chache, shule ya Kiranja ikaingia fainali ya netiboli. Nikamkataza Chiriku kwenda.

"Mama jamani! Nitatazama tu. Nitakaa kimya kama picha ukutani."

Nikamwachia. Jioni alirudi, akaniamkia kwa sauti ndogo, akanywa maji bila kuambiwa, akaenda kulala mapema. Nikamshukuru Mungu kwamba mtoto ameanza kuwa na akili.

Siku zilizofuata alinukia mnanaa kama duka la dawa. Alikuwa akimung'unya vidonge vya koo, vile vikali vinavyotia ganzi. "Vya kusafisha sauti," aliniambia. Akaenda mazoezini. Mwalimu akamuuliza, "Uko sawa?" Akajibu, "Niko sawa kabisa." Akaimba. Kesho yake akaimba tena. Siku ya nne mwalimu mwenyewe akamleta nyumbani amemshika mkono.

"Mama, sauti imekatika katikati ya wimbo. Namuuliza kulikoni, ananiangalia tu."

Kiranja, aliyekuwa ameahidiwa kusukwa nywele ili anyamaze, hakuweza kuvumilia tena. "Ni netiboli! Dada alipanda juu ya benchi akaongoza kushangilia mchezo mzima! Hata refa alimwambia ashuke!"

"Msaliti wewe," Chiriku alisema, ila sauti iliyotoka ilikuwa ya bawaba isiyotiwa mafuta.

Niliinua mikono nikaishusha. Mtu unachunga koo kama yai, mwenye koo anakwenda kulichezea mpira. Baba yake aliporudi na kusikia, hakufoka. Alinawa mikono taratibu, akakaa.

"Mwanangu, kuna wateja huniletea gari injini imeungua. Nawauliza, taa nyekundu haikuwaka? Wananiambia, iliwaka, tukaibandika karatasi isitusumbue. Sasa wewe koo linauma, yaani taa imewaka. Ukala vidonge usisikie maumivu, ukaendelea kukanyaga mafuta. Hiyo si karatasi hiyo?"

Chiriku akalia, bila sauti.

Tukampeleka kwa daktari wa koo. Akamwangalia kwa kamera nyembamba, akasema nyuzi za sauti zimevimba. "Vidonge hivyo viache. Wiki moja, kimya. Hakuna kuimba, hakuna kuongea. Mkisikia sauti yake hata kidogo, mmemharibu."

Na kweli hatukuisikia sauti yake. Tulichosikia ni psss, psss, psss. Ananong'ona mezani, ananong'ona kwenye simu, ananong'ona na Kiranja chumbani mpaka nawasikia wakiangua kicheko. "Mama, psss, mkasi uko wapi?" Cherehani inanguruma, simsikii, anarudia kwa nguvu zaidi, mishipa ya shingo imemtoka. Lakini kwa kuwa hakupaza sauti, nilijua tunatii.

Wiki ikaisha, tukarudi. Daktari akatazama, akakunja uso.

"Bado zimevimba. Umeongea?"

"Hapana daktari," Chiriku akanong'ona. "Nimenong'ona tu."

Daktari akavua glavu, akakaa kitini kama aliyechoka na dunia. "Binti, kunong'ona ni kuongea. Tena ukinong'ona kwa nguvu koo linajikaza zaidi. Nilisema kimya. Kimya ni kufunga mdomo."

"Lakini daktari, mbona hukutuambia kunong'ona nako kumo?" nikauliza, maana nami nilikuwa nimeshachoka.

"Nimekosa, mama, ningesema wazi. Na wewe mbona unaniita kama niko ng'ambo ya mto? Kwenu mnaongea namna hiyo siku zote?"

"Ni cherehani, daktari."

"Basi msemezane cherehani ikiwa imesimama."

Chiriku alitaka kucheka, Kiranja, aliyekuwa ametusindikiza, akamziba mdomo.

Usaili ulikuwa umebaki siku tano. Mwalimu akasema ni lazima chuo kiambiwe ukweli. Chiriku akatikisa kichwa, akaonyesha kwa vidole: watanikata jina. Mwalimu akamjibu, "Ukienda na koo hilo watakukata pia, na koo lenyewe utaliacha huko." Akapiga simu mbele yetu. Wakamsogeza mpaka siku ya mwisho ya usaili, wiki moja mbele. Zaidi ya hapo hawakuweza.

Ndipo nilipoona kimya cha kweli. Kiranja alizunguka nyumba na rula mkononi, mdomo wa dada yake ukifunguka tu anagonga meza. Nami nikitaka kusema neno nasimamisha cherehani kwanza. Mwalimu akaja kila jioni na karatasi zake za noti.

"Miaka yote unangoja niimbe ndipo uige," alimwambia. "Sasa huwezi kuiga, na mimi siimbi. Soma."

Hakuwa na pa kukimbilia. Alisoma kwa kidole, akagonga mapigo kwenye meza, akakosea, akachana karatasi moja, akaibandika tena. Siku nyingine alinitazama kwa hasira kana kwamba noti nimezitunga mimi. Mwisho wa juma baba yake akalalamika, "Bafuni nilikoma, sasa hata mezani siwezi kunywa chai. Tak-tak-tak." Lakini alikuwa anatabasamu.

Daktari akamruhusu aanze taratibu, dakika chache chache. Siku ya usaili nilikaa kwenye benchi nje ya mlango, mkoba nimeukumbatia. Alipoimba nyimbo zake mbili niliisikia: sauti ilikuwa safi, ila noti ya juu ilitoka nyembamba, si ile ya bafuni. Nikafumba macho. Kisha kimya. Nikajua amepewa karatasi. Hakuna aliyemwimbia kwanza. Akaanza polepole, hatua kwa hatua, kama mtu anayevuka kidaraja, akafika mwisho.

Majibu yalipokuja, alikuwa amepata nafasi. Walimu wa chuo waliandika kwamba sauti ilionekana imechoka na aitunze, lakini usomaji wake wa noti uliwapendeza. Ule usomaji alioukimbia! Angeendelea na kelele za netiboli na vidonge vyake tu, leo angekuwa anangoja mwaka mwingine.

Jioni ile baba yao aliwakalisha wote wawili. "Gari likiharibika nabadilisha spea. Koo halina spea. Mkiumia, semeni siku hiyo hiyo. Anayeficha ugonjwa anaulisha. Na wewe Kiranja, siri ya mtu anayeumia hailipwi kwa kusukwa nywele."

"Lakini baba, nywele zenyewe hajanisuka!"

Mimi nilikuwa nimerudi kwenye sare zangu. Nikataka mkasi, nikafungua mdomo kumwita Chiriku kutoka chumba cha pili, cherehani ikinguruma. Nikaufunga. Nikaondoa mguu kwenye pedali, mashine ikanyamaza. Hata kabla sijasema, alikuwa amesimama mlangoni na mkasi mkononi.

"Nimesikia cherehani imenyamaza, nikajua ni mkasi, mama," alisema taratibu. "Ningengoja uniite niitikie kutoka kule, ningepiga kelele."