Wajomba wa Lundo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Restituta alimfunga mdogo wake Florian vitambaa magotini. Mama alikuwa amevikata kutoka kwenye blanketi kuukuu.

"Usikimbie," Restituta alimwambia. "Usipande mti. Ukisukumwa, usirudishe."

"Najua, dada," Florian alijibu. Alikuwa na miaka saba, na maneno hayo alikuwa ameyasikia mara nyingi.

Waliishi Namswea, huko milimani Mbinga, wakati wanunuzi binafsi wa kahawa walipokuwa wameanza kufika na magari yao. Baba yao, Mansuetus, alishinda mjini akitafuta bei nzuri. Nyumbani walibaki mama, watoto wawili, na bibi Kunigunda, aliyemzaa baba.

Wakati wa mapumziko wasichana walicheza rede, wakirushiana na kukwepa mpira. Restituta aliketi kando ya ukuta wa darasa, karibu na Florian.

"Resti, njoo! Tumepungua mmoja!" walimwita siku za mwanzo.

"Siwezi."

"Kwa nini?"

Restituta aliinama, akakaza vitambaa vya Florian. Basi wakachoka kumwita. Wengine walisema anaringa. Alizoea kuwatazama wakicheza, mkono wake ukiwa begani kwa mdogo wake, naye moyoni akijiona kama mgeni katika shule yake mwenyewe.

Jibu alikuwa nalo, ila alikuwa amekatazwa kulitoa. Likizo iliyopita alikwenda Lundo, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, kwa bibi aliyemzaa mama. Walipokuwa wakianika usipa, dagaa wa ziwa hilo, bibi huyo alimwambia, "Mama yako alikuwa na kaka wawili. Zabron aling'olewa jino, damu ikagoma kukatika mpaka akafa. Salvatory naye alijikata mguu kwa jembe, ikawa hivyo hivyo. Mtunze sana Florian."

Aliporudi na kumuuliza mama, mama alifunga mlango kwanza.

"Ya Lundo yabaki Lundo," alinong'ona. "Bibi yako Kunigunda akijua, atasema nimeleta balaa katika ukoo wake. Nitarudishwa kwetu, nanyi mtabaki hapa bila mama. Niahidi hutasema."

Restituta aliahidi.

Msimu wa mvua Florian alishikwa na homa kali. Kila dawa aliyopewa nyumbani aliitapika. Mama alimbeba mgongoni mpaka zahanati, bibi Kunigunda na Restituta wakifuata nyuma.

"Shikamoo, mama," nesi Ottilia alimwamkia bibi, kisha akampima mtoto. "Ni malaria. Kwa kuwa anatapika, nitamchoma sindano ya kwinini pajani."

Alitayarisha bomba la sindano, lakini kabla ya kumchoma mtoto aliviona vitambaa vya magotini, akauliza, "Katika ukoo wenu, yupo mtu aliyewahi kuumia kidogo tu, damu ikakataa kukatika? Upande wa baba, au wa mama?"

"Kwetu hayupo," alisema bibi.

Mama alitazama sakafu. "Kwetu pia hayupo."

Nesi alipangusa paja la Florian kwa pamba. Restituta alimtazama mama yake, akataka mama aseme. Mama hakuinua macho.

"Nesi, subiri!"

"Restituta, nyamaza!" mama alisema.

"Wajomba zangu walikufa kwa damu," alisema Restituta huku akilia. "Wote wawili. Na Florian akianguka, magoti yanavimba siku nyingi."

Nesi aliweka sindano chini. Alifungua vitambaa, akayapapasa magoti yale polepole. Kisha akasaga kidonge, akakichanganya na maji ya sukari, akampa mtoto tone kwa tone. Safari hii hakutapika. Hadi jioni homa ilikuwa imeanza kushuka.

"Ningemchoma, damu ingevujia ndani ya paja bila sisi kuiona," nesi alisema. "Pengine tungempoteza. Na nyumbani msimpe aspirini, inazidisha kutoka damu."

Siku zilizofuata mama alipika, akapakua, akafua, bila kumsemesha Restituta. Restituta aliona amemwokoa mdogo wake kwa kumsaliti mama yake, na hapakuwa na mtu wa kumwambia hivyo.

Jumamosi nesi Ottilia alifika nyumbani. Baba alikuwapo. Nesi aliokota kijiti, akachora ukoo wao uani: mviringo kwa kila mwanamke, mraba kwa kila mwanamume.

"Nadhani ni himofilia, ugonjwa wa damu kutoganda," alisema. "Florian atapimwa katika hospitali kubwa ili tuwe na hakika. Mtoto huzaliwa nayo. Mama anaweza kuibeba katika mbegu yake ya uzazi bila kuugua. Wanaougua kwa kawaida ni wavulana, na si wote."

"Na mimi?" Restituta aliuliza, akiuonyesha mviringo wake.

"Huenda umeibeba, huenda hukuibeba. Kwa kukutazama tu siwezi kujua. Ukifika wakati wa kuzaa, mweleze nesi kama ulivyonieleza mimi."

Bibi Kunigunda aliinama juu ya michoro ile. "Sasa kosa ni la nani?"

"Hakuna kosa, mama. Wala hakuna aliyelogwa."

Bibi alimgeukia mkwewe. "Mimi nilizika watoto watatu kwa surua. Hakuna aliyenifukuza. Wewe umezika kaka wawili, ukaishi nami miaka yote hii ukiwalilia peke yako?"

Mama alijifunika uso kwa khanga. Baba alisogea, akaketi karibu naye.

"Nawe mjukuu wangu," bibi aliendelea, "mficha maradhi kifo humuumbua. Siri ya nyumba hutunzwa, lakini mgonjwa akiwa mbele ya tabibu, ukweli ndio dawa ya kwanza. Wewe umetangulia kuitoa, na sisi wakubwa tukakuacha uitoe peke yako. Hilo halitarudiwa."

Nesi alipoondoka, mama alimwita Restituta akae naye kwenye mkeka. Alijifuta uso kwa khanga. Kisha akasema, "Salvatory alikuwa hajui kunong'ona. Hata kanisani, akikwambia jambo, padri alilisikia."

Akacheka huku machozi yakimtoka. Restituta akamwegemea, akamuuliza Zabron naye alikuwaje.