Gari la Maharusi Juu ya Gråheia

Injini ilikohoa mara mbili, ikatetemeka, kisha ikazima. Gunnvor alikanyaga klachi akaliacha gari liteleze lenyewe mpaka likasimama, pua yake ikigusa mojawapo ya zile fito ndefu zilizosimikwa kandokando ya barabara ili watu waione njia theluji inapofunika kila kitu. Mbele yao taa mbili nyekundu za gari la sita la msafara zilikuwa bado zinaonekana. Alipiga honi, akaikandamiza kwa kiganja kizima. Upepo uliimeza. Taa zile zikafifia, zikabaki kama doa la damu kwenye shuka, halafu hazikuwapo tena.

"Wametuacha," alisema Halvard.

"Nimeona, shemeji. Macho ninayo."

"Nakwambia tu."

"Basi niambie kitu nisichokijua."

Ilikuwa saa tano asubuhi, baridi nyuzi kumi na saba chini ya sifuri, nao walikuwa katikati ya mlima Gråheia, mahali pasipo na nyumba wala mti. Halvard alitazama simu yake. Haikuwa na mtandao hata mstari mmoja. Akairudisha mfukoni, akavuta kofia yake ya sufu hadi kwenye nyusi.

Asubuhi ile kizuizi cha barabara ya mlimani kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya upepo, na watu walivushwa kwa msafara, kama inavyofanyika kila majira ya baridi. Gari la kusukuma theluji linatangulia, mengine yanafuata, na kila dereva kazi yake ni moja: asipoteze taa za aliye mbele yake. Bwana wa kizuizini, aliyevaa koti la njano, alihesabu magari saba. Gari la Gunnvor, la mwaka 1957, la rangi ya kijani kibichi kama ganda la njegere, alilipanga mwisho kwa sababu ni la mwendo wa pole.

"Mama, hili ungelipakia kwenye trela," alimwambia.

"Lina magurudumu manne. Umeyahesabu hayo pia, au umehesabu magari tu?"

Watu kwenye foleni walicheka. Gunnvor, mwanamke wa miaka sabini na saba, mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyekamua ng'ombe maisha yake yote, alikuwa amechoka kuambiwa habari za trela. Bintiye Ingunn alimwambia hivyo kwenye simu juma zima. Jumamosi mjukuu wake Eldrid alikuwa anaolewa, kanisa liko upande wa pili wa mlima, na kila bibi harusi wa nyumba ile alipelekwa kanisani ndani ya gari hili: Gunnvor mwenyewe, kisha Ingunn. Mwishowe mama na binti walipatana. Gunnvor akivuka Gråheia kwa magurudumu ya gari lenyewe, linabaki lake. Akishindwa, bwana wa makumbusho atakuja Jumatatu kulichukua, likae nyuma ya kamba watoto wa shule walitazame.

Na kwa ajili ya maneno yale na bwana wa koti la njano, Gunnvor alifanya kosa.

Mtu wa mlima ule, mwenye gari la zamani, anaweza kusahau chakula chake lakini hasahau blanketi la rejeta. Ni kipande cha blanketi zito kinachofungwa mbele ya gari kwa kamba, theluji laini isipenye hadi kwenye injini. Walipokuwa foleni, injini ikiunguruma dakika arobaini bila upepo wa mwendo, mshale wa joto ulipanda. Gunnvor akashuka, akalifungua blanketi, akaliweka juu ya ukingo wa theluji ili alifunge tena wakianza kuondoka. Halafu bwana yule akaja na maneno yake ya trela. Blanketi lilibaki pale pale kizuizini.

Sasa alipojaribu kuwasha, starta ililia uu-uu-uu bila injini kushika. Alijaribu tena na tena, kwa hasira, hadi sauti ikawa ya mgonjwa, na betri ikafa kabisa.

"Theluji imeingia," alisema. "Imeyeyukia kwenye distribyuta. Umeme haufiki kwenye plagi."

"Blanketi je?"

Gunnvor alitazama nyuma, kuelekea kizuizini. Halvard aliyafuata macho yake, akaelewa, na kwa mara ya kwanza tangu marehemu kaka yake Oddvar amuoe mwanamke huyu, hakumtania.

Sheria ya mlimani inajulikana: huachi gari. Walishusha kioo kidogo upande usio na upepo ili hewa ipite. Walichukua mshumaa, kwa kuwa hakuna anayepita kule bila mshumaa, wakausimamisha ndani ya kopo tupu la jemu sakafuni. Ni moto mdogo, lakini ndani ya gari dogo mtu akiuinamia unamrudishia vidole vyake. Walikula chapati laini za viazi zilizopakwa siagi, na vipande vya jibini la kahawia. Kahawa walikunywa nusu kikombe kila mmoja, kisha Gunnvor akaifunga chupa.

"Nusu nyingine?" aliuliza Halvard.

"Saa nane."

"Baharini nahodha wangu alikuwa na roho nzuri kuliko wewe."

"Na mlizama mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Haya."

Theluji ilipanda. Saa sita na nusu ilifika kwenye vishikio vya milango, na mwanga ndani ya gari ukawa wa bluu. Halvard alikuwa na miaka themanini na nyonga ya chuma, mguu wake wa kushoto ulikuwa umeshaanza kufa ganzi. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba chumvi, "Wewe bado una miguu. Zifuate fito. Kuna kibanda cha kujikinga na dhoruba, kilomita mbili hivi. Mimi nitakaa."

"Nikuache hapa?"

"Nimeshakula vizuri."

"Na keki ya harusi nile na nani? Na yule mjomba wa bwana harusi anayesimulia habari za tezi lake? Shemeji, huniachii mzigo huo. Shika kamba."

Alikuwa ameshaamua: ataifufua injini. Kamba ya kuvutia gari aliifunga kiunoni, ncha ya pili akaifunga kwenye usukani, akampa Halvard aishike pia. Akasukuma mlango kwa bega mpaka ukaachia.

Upepo ulimpiga akaanguka kifudifudi. Theluji ilimjaa puani na mdomoni, ngumu kama mchanga. Aliinuka, akahesabu hatua tatu, akageuka: gari halikuwapo. Hakukuwa na mbingu wala barabara, kulikuwa na weupe tu unaokimbia. Kwa muda hakujua mbele ni wapi, akaanza kutembea kuelekea upande uliokuwa mwepesi kutembea, yaani alikokuwa akisukumwa na upepo, na huko ndiko bondeni. Kamba ikakaza, ikamvuta kiuno. Halvard alikuwa anaivuta mkono kwa mkono, kama anavyovuta mshipi wenye samaki mzito. Gunnvor aliifuata hadi goti lake likagonga bamba la gari.

Kwanza alichimba bomba la moshi kwa sepetu. Injini ikiwaka na bomba limezibwa, moshi unaingia ndani na watu wanalala wasiamke. Kisha akapanda mbele, akainua boneti kiasi cha mkono kupita, akaingiza mkono bila glavu kwa sababu vibanio vya distribyuta ni vidogo. Chuma kilishika ngozi ya vidole na kuondoka nayo. Aling'oa kifuniko cheusi cha distribyuta na nyaya zake zote, akavikumbatia kifuani, akarudi ndani.

"Hebu," alisema, meno yakigongana. "Kikaushe. Kisikaribie moto sana, kitapasuka. Usichanganye nyaya."

Halvard alikigeuza juu ya mshumaa taratibu, akakifuta kwa fulana yake ya ndani, akapuliza kila tundu. Vidole vya Gunnvor vilikuwa vyeupe nchani kama nta. Alivitia chini ya makwapa yake, akalia kwa maumivu damu iliporudi. Vitatu vilipata rangi. Viwili havikupata.

"Kitalowa tena ukikirudisha," alisema Halvard. "Huna blanketi."

Gunnvor aligeuka akatazama kiti cha nyuma. Pale, ndani ya mfuko wa kitambaa, palikuwa na vazi lake la sherehe: sketi nzito ya sufu nyeusi iliyotariziwa maua ukingoni. Mamake aliitarizi kwa majira matatu ya baridi, akaharibu macho yake.

"Ah, shemeji. Hiyo hapana."

"Ni sufu. Ni nzito. Ina kamba kiunoni."

"Mama yako atatoka kaburini."

"Akitoka atusaidie kuchimba."

Alitoka mara ya pili. Alipanguza theluji kwa mikono, akaitandaza sketi mbele ya rejeta, akaifunga kwa kamba zake mpaka ikakaza. Upepo uliipiga lakini haikuachia. Alirudisha kifuniko, akabana vibanio kwa vidole asivyovisikia, akitazama kwa macho kama vimeingia. Kisha akatoa hendeli, ule mtaimbo uliopinda wa kuzungushia injini, akauchomeka kwenye tundu chini ya bampa.

Oddvar alimfundisha siku walipolinunua: kidole gumba kikae upande mmoja na vingine, usikizungushe, kwa maana injini ikirudi nyuma itakivunja. Aliinama, akavuta juu. Hakuna. Akavuta tena. Mara ya nne injini ilirudi nyuma kwa nguvu, hendeli ikamponyoka ikampiga kwenye goti. Alipiga kelele ya matusi ambayo hajawahi kuyasema mbele ya shemeji yake.

Ndani ya gari Halvard aligonga kioo. "Choki!" alipaza sauti. "Ngoja niivute choki, injini ipate petroli!"

"Hukuivuta tangu mwanzo?"

"Hukuniambia!"

"Mungu wangu, na miaka themanini yote hiyo!"

Aliicheka hasira yake mwenyewe, na kicheko hicho kilimpa nguvu. Alivuta mara ya saba. Injini ikapiga moja, ikanyamaza. Ya nane ikapiga mbili, tatu, ikasitasita, ikakohoa moshi mweusi, kisha ikashika. Gari zima likaanza kutetemeka kama ng'ombe anayesimama kutoka matopeni. Gunnvor alilaza shavu lake juu ya boneti, akabaki hapo mpaka Halvard alipoivuta kamba kumrudisha ndani.

Hawakuweza kwenda popote, ukuta wa theluji ulikuwa mbele na nyuma. Lakini joto lilianza kutoka miguuni. Waliwasha injini robo saa, wakazima robo saa, na kila mara kabla ya kuwasha Gunnvor alitoka na kamba yake kuchimba bomba na kuzungusha hendeli. Alitoka mara tisa. Saa nane ilipofika walikunywa ile nusu kikombe.

Saa kumi na moja, mwanga ukiwa umeanza kuwa wa kijivu, taa ya njano ilizunguka mbele yao, na koleo kubwa la chuma likatokea katikati ya weupe. Theluji ilikuwa imeporomoka kutoka mlimani nyuma ya msafara, ikafunga barabara, ndiyo maana hawakufikiwa mapema. Dereva wa gari lile la kusukuma theluji, mwanamke kijana aitwaye Torbjørg, aliruka chini akafungua mlango.

"Mko hai! Haya, pandeni kwangu. Gari tutakuja kulifukua dhoruba ikiisha."

"Nani amekwambia injini imekufa?" alisema Gunnvor. "Sikiliza."

Torbjørg alisikiliza. Akaangalia mbele ya gari, akaiona sketi yenye maua iliyoganda ngumu kama ubao. "Mama, siruhusiwi kuwaacha humu."

"Hutuachi. Unatangulia."

"Babu, mwambie wewe."

"Dereva si mimi," alisema Halvard. "Muulize dereva. Mimi ningekuwa dereva tungekuwa tumekufa tangu saa saba."

Torbjørg alivuta pumzi. "Nitakwenda polepole. Nikikosa kuona taa zako mara moja tu, nakuja kukutoa kwa kola ya koti."

"Njoo na wenzako, basi. Peke yako huniwezi."

Koleo lilifungua njia, likageuka, nao wakateremka mlima kwa saa nzima na zaidi. Gunnvor alishika usukani kwa viganja, vidole viwili vikiwa vimesimama kando kama si vyake.

Kwenye kizuizi cha chini Ingunn alikuwa amesimama kwenye theluji bila kofia. Alimkumbatia mamake kupitia dirishani, akalia, kisha akaanza kugomba.

"Saa sita nzima! Mlikwama kwa saa sita!"

"Tulikwama. Gari halikukosa kitu. Nilisahau blanketi kizuizini kwa kugombana. Kosa ni langu, na shemeji yangu angekufa kwa kosa hilo." Aliyasema mbele ya watu wote, bila kuinamisha macho.

"Basi tulipatana, mama."

"Tulipatana nivuke. Tazama nimesimama wapi."

Ingunn alitazama magurudumu. Alitazama mikono ya mamake. Akafungua mlango. "Sogea. Vidole hivyo vinaenda kwa daktari, na si wewe utakayeendesha."

Tangu Oddvar afariki hakuna mtu mwingine aliyekaa kwenye kiti kile cha dereva. Gunnvor aliwaza kidogo, akasogea.

"Gia ya pili usiilazimishe."

"Najua, mama." Ingunn aliingiza gia, ikakwaruza, wote watatu wakakunja uso. Gari likaondoka. Baada ya kona ya kwanza alisema, macho yakiwa barabarani, "Bwana wa makumbusho anangoja simu yangu. Nimwambie nini?"

"Mwambie akitaka kuliona," alisema Gunnvor, "Jumamosi asimame kando ya barabara. Tutapita."