Pikipiki Isiyojua Kuhesabu

"Nimetengenezwa mwaka 2079," ilisema pikipiki. "Nimekaguliwa mara ishirini na mbili, nikafaulu zote. Sijawahi kuanguka. Alama yangu ya uaminifu ni tisini na sita."

Sista Kabula Masanja aliizunguka polepole, kama anayemkagua mchumba aliyeletwa na shangazi. Ilikuwa nyeupe, inang'aa, haina hata mkwaruzo. Kilichokuwa kinaongea hasa ni kisemezi, kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni ambacho muuzaji alikibandika chini ya kiti. Kila pikipiki ya siku hizo ilikuwa na kumbukizi ndani ya fremu, chembe isiyofutika, iliyoandika kila ukaguzi, kila kuanguka, kila breki iliyobadilishwa. Kisemezi kiliisoma kumbukizi hiyo na kuitoa kwa sauti. Zamani mnunuzi alipiga teke gurudumu, akamwamini dalali, na dalali tunamjua. Sasa sheria ilitaka chombo kilichotumika kijieleze chenyewe mbele ya mnunuzi, na alama ndiyo iliyokuwa neno la mwisho.

"Hiyo chukua ufumbe macho, mtani," alisema Mzee Mkude, mwenye duka. "Ingawa sijui wataka pikipiki ya nini. Babu zenu walibeba pembe kutoka Tabora hadi pwani kwa miguu."

"Na babu zenu waliwachungulia kutoka mlimani, wanaogopa kushuka kuwasalimia," alijibu Kabula.

Yeye Mnyamwezi, mzee Mluguru, na utani wa makabila hayo ni wa tangu enzi na enzi. Walikuwa wamesimangana hivyo tangu saa mbili asubuhi, na duka zima lilikuwa limechangamka.

Lakini shida ya Kabula haikuwa utani. Alikuwa mkunga wa vijiji vya juu, kwenye milima ya Uluguru. Ndege za wagonjwa zisizo na rubani ziliruka nchi nzima, ila ukungu wa milima ile ukitanda zilijikunyata chini kama kuku walionyeshewa. Hapo ilibaki pikipiki. Mwezi uliopita ya kwake ilimzimikia katikati ya mlima, akafika kwa mama mmoja amechelewa saa mbili. Mama alipona, mtoto hakupona. Kabula alikuwa hajaisamehe pikipiki ile, wala hajajisamehe mwenyewe. Na kule Nyandira alikuwapo mama mwingine, mimba ya kwanza, siku zake zimetimia.

"Umewahi kupanda mlima gani?" aliiuliza ile nyeupe.

"Tuta la getini hotelini," ilijibu. "Nimeishi hotelini. Wageni walinikalia wakipiga picha."

Kabula alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akaiona nyingine nyuma ya pazia la turubai, nyekundu iliyochujuka, viatu vya breki vipya, kiti kimeshonwa kwa mkono.

"Achana nayo hiyo," alisema Mzee Mkude, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakutania. "Ina alama thelathini na moja. Kesho inapelekwa kuyeyushwa."

"Kuisikiliza si kuinunua, mzee wangu."

Alikihamisha kisemezi bila haraka. Pikipiki nyekundu ilikuwa na sauti ya kukwaruza kidogo.

"Safari za mlimani, elfu nne na mia mbili. Kuzima njiani, hakuna. Breki zimebadilishwa kila baada ya miezi mitatu, na fundi yule yule. Betri mbili. Kuanguka mara moja, kwenye tope, bila majeruhi."

"Mbona alama thelathini na moja?"

"Kosa la mishikaki, abiria wawili nyuma, mara tatu. Na hitilafu ya kiti, mara tatu. Kiti changu huhesabu watu kwa kusikiliza mapigo ya moyo. Mara tatu walipanda watatu, wakashuka wanne. Chombo kisichojua kuhesabu hakiaminiki."

"Kiti hakikutengenezwa?"

"Kilibadilishwa mara mbili. Wakaguzi hawakuona ubovu."

Kabula alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafikiri.

"Uzito je? Wale wanne walikuwa wazito kuliko wale watatu?"

"Hapana. Uzito haukuongezeka. Kwa hiyo nikaandika kwamba kosa ni langu."

"Safari hizo tatu zilikuwa za kwenda wapi?"

"Zahanati. Zote zahanati, kwenye ukungu."

Mkunga aliweka mkono mdomoni. Dereva, mama na mkwe wa kumshikilia. Moyo wa mtoto tumboni umefunikwa na wa mama, kiti hakiusikii. Njiani ukaanza kusikika wenyewe. Wahandisi waliokiunda kiti kile huko mjini waliwaza kila kitu, hawakuwaza mtu kuzaliwa juu yake.

"Mzee Mkude," alisema taratibu. "Dereva alikuwa nani?"

Mzee alikuwa anafuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

"Mimi. Mishikaki mara tatu, leseni inafutwa moja kwa moja. Mwaka wa tisa huu. Niliwaeleza, mtani. Wakaniambia pikipiki yako ndiyo imekushtaki, na pikipiki haina sababu ya kusema uongo."

"Watoto?"

"Wazima wote. Wa mwisho ana meno kama ya sungura."

Machozi yalimlengalenga Kabula, na hakuyaficha. Alibonyeza kidole gumba kwenye kisemezi: amenunua. Sheria ilimruhusu mnunuzi kuongeza neno lake, nalo halikufutika.

"Andika," alisema. "Mimi ni mkunga. Hitilafu ya kiti, mara tatu. Sababu: mama alijifungua salama njiani. Dereva hakuwa na kosa."

"Sababu hiyo haimo kwenye orodha," ilisema pikipiki.

"Iongeze."

"Imeongezwa. Alama, themanini na tisa. Taarifa imetumwa ofisi ya leseni."

Mzee Mkude alikaa kwenye ile ndoo. Alilia kidogo, kisha akajipangusa kwa kitambaa cha kufutia vioo, akasema Wanyamwezi wanajua kumtesa mtu mzima.

"Panda nyuma, Mluguru," alisema Kabula, ameshawasha. "Leseni bado, lakini njia ya mkato ya Nyandira unaijua wewe. Na funga duka, ukungu umeanza kushuka."

Alipanda. Miaka tisa, na mguu ulipata mahali pake bila kutafuta.

"Wamepanda wawili," ilitangaza pikipiki. Kisha, kwa sauti ya kujifunza, ikauliza: "Mnatarajia kushuka wangapi?"